Bati la Banda la Kuku

Mwanangu Zaina,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umeniamkia, jioni tutakula sinia moja, na kesho alfajiri nitakusindikiza mpaka barabarani. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukwambia kwa mdomo siku tatu hizi, na kila nikifungua kinywa inatoka habari ya sabuni na mashuka. Jana nimekuuliza mara nne kama umeweka cheti cha kuzaliwa. Ukacheka, ukasema, "Mama, una nini lakini?" Nina hili.

Umekwenda kilimani kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka akulishe. Kwa hiyo nina muda kidogo. Nimechukua daftari lako la kidato cha pili, huku nyuma lina kurasa nyeupe. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, herufi zangu zinapandana kama mbuzi mnadani. Soma polepole. Tangu nianze nimeshainuka mara mbili, mara kuangalia maharage, mara kuchungulia njia kama unarudi.

Habari ya kula, kulala na kujihadhari na watu sikwambii. Umekaa bweni, umekaa chuo, kunizidi unanizidi. Nataka kukwambia habari ya kazi yako unayoiendea, na habari ya Idi.

Siku ile ulipokuja na habari ya kazi tulikuwa tunachambua mchele pale barazani, na jirani yetu Mama Rehema yupo. Ukatueleza vizuri. Ukasema ofisi yenu huko Dodoma mjini inawasaidia waajiri. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri anakuja kwenu mumweleze sheria inasemaje, taarifa anaipeleka wapi, fidia inakwendaje, na mashine zake azipangeje ili mtu mwingine asiumie tena. Mama Rehema na ulimi wake akadakia, "Kumbe! Tukadhani mtoto kasoma sheria aje kututetea sisi wanyonge, kumbe anakwenda kuwafuta matajiri machozi!" Ukacheka, lakini nilikuona ulivyoinamisha uso kwenye ungo. Na mimi nikanyamaza. Ukadhani mama naye anaona aibu na kazi yako.

Wallahi haikuwa hivyo. Nilinyamaza kwa sababu mwajiri wa namna hiyo, anayekuja ofisini kwenu na hofu yake, mimi namjua. Ndiye mimi.

Usicheke. Mwenyewe sikuwahi kujiita mwajiri. Mwajiri nilidhani ni mtu mwenye geti na mlinzi. Mimi nilikuwa mjane mwenye mashine ya kukamua alizeti iliyoachwa na marehemu baba yako, na Idi alikuwa Idi. Alikuja kwetu akiwa kijana mkubwa, kaoa juzi, mkewe Asha ana mimba ya kwanza. Asubuhi anakunywa uji kwangu, mchana anakula kwangu, ananiita mama. Nikasema huyu ni mtoto wa nyumbani. Mkataba wa nini kati ya mama na mtoto? Kumsajili wapi, ili iweje? Ukiniuliza leo nitakwambia yale maneno "mtoto wa nyumbani" yalinifaa mimi kuliko yalivyomfaa yeye. Alikuwa mtoto siku za kufuata haki. Siku za magunia alikuwa mfanyakazi.

Sasa nikueleze mashine, maana wewe siku hizo ulikuwa unaiona likizo tu. Mkanda ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye puli kubwa, ukishaloa vumbi la mashudu na mafuta, unateleza. Injini inaunguruma, mashine haikamui. Dawa yake ni kuzima, kufuta mkanda, kuupaka ulimbo, ule utomvu wa kunata unaoufanya ushike, kisha kuwasha tena. Na kuwasha injini ile ya dizeli kwa mkono wakati imeshika moto, wanaume wawili wanatoka jasho. Baba yako alikuwa anazima kila mara. Aliweka bati zito juu ya mkanda, limefungwa kwa nati nne, hata utake kugusa huwezi mpaka ulifungue. Watu walikuwa wanamcheka, "Mzee, wewe mashine yako inavaa hijabu!" Yeye anajibu, "Na mkono wangu unavaa vidole."

Alipofariki nikaona lile bati linanichelewesha. Watu wanatoka mbali na alizeti yao, kijiji chetu chote cha Kolo kinajua msimu ni mwezi na nusu tu, ukimchelewesha mtu leo kesho anapeleka kwa mwenzio. Nikalifungua kwa mkono wangu. Nati nikazitia kwenye kopo. Nikajifunza kupaka ulimbo mkanda unazunguka, unashika donge kwa ncha za vidole, unaligusisha tu, unatoa. Ukizoea ni kama kugeuza chapati. Nikamfundisha na Idi. Nisikilize vizuri hapo, Zaina. Hakujifunza mwenyewe, wala hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwonyesha.

Nimeinuka tena, nimerudi. Ni upepo tu umefungua mlango.

Siku yenyewe ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Mimi niko huku mbele napima mafuta kwenye madumu, kuna mteja mmoja mkali ananisema kwamba tunawapendelea ndugu zetu. Nikasikia injini imebadilika sauti, mkanda umeanza kuteleza. Sikugeuka hata shingo. Nikapiga kelele, "Idi! Mkanda!"

Akaitika, "Naam, mama."

Basi. Ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, na dole gumba likiwa mojawapo.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha tatu. Nilikupigia simu ya matroni, nikakwambia Kaka Idi kajikata kwa panga shambani, muombee. Ukalia. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili. Wa kwanza niliusema hospitalini.

Tulipofika dirishani, yule muuguzi aliyekuwa anaandika akauliza, "Ameumia wapi?" Alimuuliza Idi. Idi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa kitenge changu, na akili anazo, anasikia. Akafungua mdomo. Mimi nikamtangulia. Nikasema, "Shambani. Panga."

Muuguzi akamtazama mgonjwa. "Ndiyo?"

Idi akanitazama mimi. Sijui kama nitaweza kukuandikia alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Ni kama mtu aliyepewa mzigo na anauliza aushike wapi. Akasema, "Kama alivyosema mama." Ikaandikwa. Neno moja, mwanangu, na kalamu ya mtu mwingine, na mpaka leo karatasi ile inasema panga.

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza miaka tisa. Niliogopa. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akiumia kwenye mashine yako serikali inaifunga, unashtakiwa, unauza nyumba. Nikaona ada yako, nikaona nyumba ya baba yako, vyote kwenye mdomo wa yule muuguzi. Na hofu ina mbio kuliko akili. Akili ilipofika, uongo ulikuwa umeshakaa kwenye karatasi.

Halafu nikafanya kama tunavyofanya huku. Nikachukua wazee wawili, mbuzi dume, dumu la mafuta na unga, tukaenda kwa kina Idi kutoa pole. Wazee wakasema maneno mazuri, ajali ni kudra, hawa ni mama na mwana, jambo liishie nyumbani. Mama yake Idi akapokea. Idi akasema, "Nashukuru mama." Tukaomba dua. Tunatoka nje, Asha kasimama mlangoni na tumbo lake, akasema kwa sauti ndogo tu, "Mama Zaina, huyo mbuzi ndiye atakayemfunga vifungo vya shati?"

Mzee mmoja akamwambia, "Binti, adabu." Tukarudi, na njia nzima wale wazee wananisifu kwamba nimefanya kiungwana. Nikawaamini. Kutoa pole si vibaya, hata leo nikikosa nitatoa pole. Kosa langu ni kwamba niliitumia ile dua kama kufuli.

Sasa hapa ndipo ninapokukaribia wewe. Baada ya mwezi watu wakaanza kuniambia, "Yule kijana akija kupata mtu wa kumfungua macho, umekwisha." Sikulala. Nikapanda gari mpaka Kondoa mjini, nikaulizia mtu wa sheria. Nikaelekezwa kibanda cha kutoa fotokopi, kuna bwana amevaa tai na kandambili, watu wanamwita wakili. Hakuwa wakili, nilikuja kujua baadaye. Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa, Zaina. Njia nzima nilikuwa napanga, nitamweleza yote, bati, ulimbo, nilivyopiga kelele, hospitalini, yote. Nilikuwa nimejaa kama mtungi. Yule bwana akawasha kompyuta yake, hata hakunitazama, akaniuliza, "Mama, unataka iandikwe nini?"

Hakuniuliza ilikuwaje. Aliniuliza nataka iandikwe nini.

Na mimi ule mtungi nikaufunika palepale. Nikamwambia. Akaandika kwamba Idi hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa mtu wa kupitapita, alikuja mwenyewe kusaidia bila kuombwa, na kwamba aliumia kwingine, na hanidai kitu. Nikaileta kijijini. Idi akaisoma, maana kusoma anajua kunizidi. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mama, mimi ni mtu wa kupitapita?" Nikamwambia, "Ni maneno ya wakili tu, mwanangu, yasikusumbue." Akaweka dole gumba. La kushoto, maana la kulia halipo.

Karatasi hiyo imo ndani ya daftari hili, nimeibana na pini. Ilikuwa chini ya vitenge vyangu sandukuni. Ukiishika utaona lile dole.

Mwaka uliofuata kukawa na mkutano pale ofisi ya kata, msichana mmoja kama wewe hivi, na kipaza sauti, anawaeleza wenye mashine na wenye machimbo. Nikakaa nyuma kabisa. Akasema mwajiri akijiandikisha na kuchangia kidogokidogo, mfanyakazi akiumia, mfuko wa fidia ndio unaolipa matibabu na fidia, si mwajiri auze nyumba. Mwajiri kazi yake ni kutoa taarifa mapema na kusema kweli. Akasema na wakaguzi wa usalama hawaji kwanza kufunga, wanakuja kukuelekeza. Nilikuwa nimemnyima mtoto wa mwenzangu haki yake ili nijikinge na jambo ambalo ningeweza kujikinga nalo kwa kumwandikisha. Nikatoka kabla ya chai. Na hata baada ya kujua, sikwenda. Hapo siwezi kusingizia hofu ya siku ile. Hapo nilikuwa najua.

Maharage yameungua kidogo chini. Jioni utayala tu bila kulalamika, nakujua.

Wewe uliwahi kusema Kaka Idi anaringa. Ilikuwa harusi ya binamu yako, wanaume wamekaa kwenye masinia, yeye kachukua sahani yake kaenda kukaa nyuma ya jiko peke yake. Ukasema, "Kaka Idi siku hizi hataki kula na watu." Hawezi, mwanangu. Mkono wa kulia haushiki tonge. Anakula kwa kushoto, na anaona haya kuupeleka mkono wa kushoto kwenye sinia la watu. Miaka tisa hajala sinia moja na wanaume wenzake. Fidia yoyote utakayoihesabu huko ofisini, sijui kama kuna mahali pa kuandika hilo. Lakini wewe ulijue.

Ndiyo maana kazi yako siionei aibu hata kidogo. Mama Rehema hajui. Watakuja wenye mashamba ya zabibu, watakuja wenye machimbo ya kokoto, watakuja wanaojenga hayo maghorofa yanayoota mjini kama uyoga. Wengine watakuwa wabaya kweli, utawaona. Lakini wengine watakuwa mimi. Wamejaa kama mtungi, wamesema uongo wao wa kwanza jana, bado unaweza kufutika. Wakikaa pale, nakuomba uwape maji kwanza. Kisha uulize ilikuwaje. Angeniuliza mtu siku ile, hata kwa ukali, ningelia palepale nikasema. Uongo wa mwezi mmoja unasameheka kuliko wa miaka tisa. Mwajiri anayeambiwa kweli mapema umemsaidia yeye, na umemsaidia mtu ambaye hata hajaingia mlangoni.

Mengine ya sheria unajua wewe.

Sasa nimalize, jua linashuka. Leo asubuhi ulipokuwa unafua, nilikwambia nakwenda dukani. Nilikwenda kwa Idi. Nilimkuta anatengeneza zizi, anapigilia misumari kwa mkono wa kushoto na ule wa kulia anashikilia mti kwa kiganja. Akaniamkia. Nikamwambia, "Idi, nataka niende nikaseme kweli. Ya mashine."

Hakuacha kupiga msumari. Akasema, "Kwa nini leo?"

Nikasema, "Zaina anakwenda kufanya kazi ya mambo hayohayo. Siwezi kumtuma mtoto akawafundishe watu nisichokifanya."

Akachukua msumari mwingine. Kisha akasema, "Mama, lile bati si ndilo lile kwenye banda la kuku?"

Zaina, nilitamani ardhi ipasuke. Lile bati la mlango wa banda la kuku, lenye matundu manne, unalolisogeza kila asubuhi kuwafungulia, ndilo bati la baba yako. Nilipolifungua kwenye mashine niliona lisilale bure. Na Idi anapita pale kila siku kwenda kisimani.

Akasema, "Kila nikipita naliona. Nikajisemea, siku akilitoa pale, tutaongea."

Asha akatoka ndani na mtoto wake wa pili mgongoni, akatusikia, akasema, "Leo ndiyo mmekumbuka?" Akarudi ndani. Ana haki.

Idi hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba, maana angesema tu kwa adabu, kama alivyosema hospitalini. Lakini mchana, ulipoondoka kwenda kilimani, alikuja. Tukaling'oa. Kutu imelila pembeni, katikati zima. Tukalirudisha juu ya mkanda, yeye analishikilia kwa bega, mimi nakaza. Kijana wangu wa sasa hivi wa mashine alikuwa anatutazama kama tumechanganyikiwa, maana yeye ndiye anayepaka ulimbo siku hizi. Ndiyo, mwanangu. Baada ya yote yale, mkanda ulibaki wazi. Niliweka ubao tu. Hilo nalo liandike.

Kwenye kopo nimekuta nati tatu. Ya nne nimefunga waya. Usianze kunisomea sheria, najua waya hautoshi, keshokutwa nakwenda Kondoa kununua. Na mpaka nati ipatikane nimezima injini. Wateja wameguna, waache wagune.

Ninachokuomba ni hiki. Ukifika, ukishaizoea ofisi, nitafutie siku. Nitakuja na Idi. Yeye mtafutie mtu mwingine wa kumsimamia, mtu wa kweli, si wa ofisi yenu, maana ulinieleza mwenyewe kwamba mtu hawezi kusimama pande mbili, na tena wewe ni mwanangu. Mimi nipangie kiti cha waajiri, na anikalishe mwenzako, si wewe. Sijui kama muda wake umeshapita. Kama umepita, nataka niambiwe na mtu anayejua, mbele yake, na nielezwe kinachowezekana bado. Faini naiogopa, mashine kufungwa naiogopa. Nitakuja hivyohivyo. Na barua hii usiichane kwa kunionea huruma. Imeandikwa na mkono wangu, kila kitu kimo, ataipokea huyo atakayemsimamia Idi.

Nakusikia huko kwenye uzio unamwamkia Mama Rehema, anakutania tena habari ya matajiri wako. Siku nyingine akikutania, mjibu tu vizuri. Daftari naliweka chini kabisa ya begi lako, chini ya mashuka, usilione mpaka ufike.

Kesho alfajiri nitakwambia usihangaike kuwafungulia kuku, na ukisoma hapa utajua kwa nini. Banda halina mlango, wamelala kwenye tenga jikoni.

Mimi mama yako,
Mwajiri wa Idi